Kilo Ishirini na Tatu

Bergen walinipimia sanduku:
kilo ishirini na tatu, na gramu mia mbili.
Binti wa kaunta akaziangalia zile gramu,
akaniangalia, akazisamehe.
Hakuuliza kilichomo kichwani.

Nimeshuka Songwe na orodha isiyoandikwa.
Tigist, niliyefanya naye zamu za usiku,
anamsalimu mama yangu asiyemjua
kwa sababu wa kwake hapatikani,
simu inaita upande wa pili wa vita.
Nazari wa duka la mikate
anawasalimu watoto, wowote nitakaowakuta njiani.
Nilimfikishia mmoja pale Kiwira, muuza karanga.
Akauliza, "Nazari ndiyo nani?"
Nikasema mwokaji, yuko mbali.
"Haya, na yeye hajambo?"
Kisha akanidai mia tano yake.

Na Halvor, mzee niliyemwogesha miaka minne,
aliposikia kwamba Tukuyu nako mvua haina likizo
alicheka mpaka meno yakataka kutoka.
"Uisalimu mvua ya kwenu," alisema,
"iambie hii ya huku inazeeka vibaya."

Hizo ni salamu nyepesi.

Mama yake Anyelwisye anakaa Katumba,
chini ya mashamba ya chai.
Njia inateleza; nilivua viatu vya Ulaya
nikavining'iniza mkononi kama kuku wa kuuza.
"Ugonile," nikasema mlangoni.
Aliitika macho yakiwa kwenye ndizi alizomenya,
kisha akayainua, akaona tupo mmoja.
Akatazama nyuma yangu.
Mgomba. Mvua. Njia.

Nilikuwa nimejiandaa tangu kwenye ndege.
Nikasema: mwanao anakusalimu sana, sana,
anakukumbuka asubuhi na jioni,
anauliza goti lako, na paa la jikoni, na ng'ombe,
anasema mwakani, Mungu akipenda...
Nilisema vizuri. Nilisema kama barua.
Hata kikohozi cha huzuni nilikiweka mahali pake.

Kisu kikasimama.
"Atupele," akasema,
"huyu mtoto nilimzaa kimya, akakua kimya.
Siku ya safari aliniaga kwa kuziba tundu la banda la kuku.
Maneno yote haya kayapata wapi?
Niambie alichosema."

Bati lilikuwa linapiga kelele. Sikusikika, nikarudia.
"Alisema: mwambie nipo."
"Na nini?"
"Na ule mparachichi, kama umezaa.
Basi."

"Basi," akasema,
akalivuta lile neno kwa ndani, kama mtu anayeonja chumvi.
"Ee. Huyo ndiye."
Akataka nirudie. Nipo.
Kwa sauti gani? Alikuwa amekaa?
Amesimama, nikasema, kituoni, mikono mfukoni,
theluji inamtua begani na haipangusi.
"Hata mvua hakuwa akiipangusa."

Akajitwika gunia la plastiki, tukaenda kuuona.
Umezaa mpaka matawi yametegemezwa magongo.
Miaka kumi na moja,
na nusu ya Katumba imeshakula mkono wa Anyelwisye
bila kujua jina lake.
Sikuambiwa nimpelekee neno gani.
Alichuma moja, gumu kama jiwe la mto,
akaniwekea kiganjani.
"Likiiva, ule.
Halafu mwambie umekula."

Nilipandisha kilima peke yangu,
parachichi kwenye mfuko wa koti, linagonga nyonga.
Juu, ambako Rungwe ungeonekana kama ungeonekana,
nikamkumbuka Halvor.
Nikashusha kofia ya koti, nikasimama,
natafuta lugha ya kuisalimia:
Kinorwe? Kinyakyusa? Kiswahili cha shule?

Haikunisubiri.
Ilikuwa na kazi kwenye chai.